Zimeni Moto: Barua ya Wazi kwa Wanaorusha Ndege za Mabomu Juu ya Viwanja vya Michezo

Kwa wakuu wa Jeshi la Anga la Marekani, na kwa wakuu wa ligi na vilabu mnaoomba ndege zao.

Waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza ninacho, ndicho kinachonilisha, na nakala yenu nitaitafsiri mwenyewe kabla sijaituma. Lakini nimetaka waisome kwanza majirani zangu: wazee wa kanisa letu, akina mama wa jengo letu, vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kama mimi, ambao leo wanavaa jezi za timu za hapa na kumtukana refa utadhani wamezaliwa nazo. Hao nikiwaambia habari ya Mama na jiko hawahitaji maelezo. Ninyi mnayahitaji.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, siku ya mechi. Sisi hatukuwa uwanjani. Bei ya tiketi moja ingetulisha juma zima, na isitoshe, nyumbani kwetu anayeelewa sheria za mpira huu wa Kimarekani ni mdogo wangu peke yake. Baada ya ibada tulikwenda kwenye bustani ya jiji, ile yenye meza za mbao na majiko ya chuma yaliyochimbiwa ardhini, mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka uwanjani. Mama alisimamia kuku. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa imeiva tangu nyumbani, sufuria imefungwa taulo isipoe.

Ndipo ikaja. Nyeusi, bapa, haina mkia, kama popo aliyebandikwa angani. Ilipokuwa inakuja haikuwa na kelele ya kutisha. Ilipokwisha kutupita ndipo ngurumo iliposhuka, hadi vifuniko vya sufuria vikatetemeka. Watoto walishangilia. Na mimi, niseme ukweli, nilitoa simu nikapiga picha, na picha ikatoka vizuri.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amekwisha kumwaga ndoo ya barafu ya soda, maji na chupa na kila kitu, juu ya jiko. Majivu yalikuwa yamemrukia kwenye kitenge chake cha Jumapili. Akawa anapita kwenye majiko mengine, ya watu tusiowajua, akisema kwa sauti ya chini na ya haraka: "Zimeni moto. Zimeni moto." Mzungu mmoja aliyekuwa akigeuza soseji alinitazama akitaka tafsiri.

Uvira, kwetu mashariki mwa Kongo, iko kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Sauti ya ndege ikiingia pale hugonga milima ikarudi, hata usijue inatoka upande gani. Mei 1999 mji wetu na mji wa Goma ilipigwa mabomu kutoka angani. Nilikuwa na miaka saba. Ndege ilikuwa ya nani, nani alimtuma rubani, hayo wameyaandika wengine; aliye chini hana nafasi ya kusoma maandishi ya kwenye bawa. Mama alishika jambo moja tu, kwamba moshi unaonekana kutoka juu. Kwa hiyo mtu akisikia ndege, kwanza anazima moto, halafu anakusanya watoto. Kwa mpangilio huo. Moto kwanza, kwa sababu mtoto anaweza kukimbia mwenyewe.

Tulivuka ziwa. Tulikaa Kigoma miaka mingi. Tulipokuja huku tulipanda ndege tatu, na Mama alilala usingizi safari nzima, kwa hiyo msidhani ni mtu wa kuogopa ndege. Sikujua kama ule mpangilio bado anao.

Sasa nije kwenu.

Anayelalamika kuhusu ndege hizi zinazopitishwa juu ya viwanja kabla ya mechi hupewa jibu lilelile: mlipa kodi hatozwi zaidi, kwa sababu rubani lazima atimize saa zake za kuruka, na saa hizo zingerushwa hata kama hakuna mechi. Ni mazoezi. Nawaamini. Nimesoma jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, na kwa kweli inastaajabisha. Ofisa wenu anakaa uwanjani na redio. Wimbo wa taifa umekwisha kupimwa kwenye majaribio, kwa sababu kuna waimbaji wanaolivuta neno la mwisho mpaka pumzi iishe. Ndege zinazunguka mbali huko, zinasubiri. Mwimbaji akianza, ofisa anawaarifu marubani, nao wanaongeza mwendo au wanapunguza, ili wawe juu ya vichwa vya watu palepale wimbo unapoisha. Wakichelewa sekunde chache tu, wameharibu. Kwa lugha yenu ya kazi, saa hiyo ya kufika ina jina: saa ya kuwa juu ya shabaha.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike barua. Kazi ya rubani wa ndege ya mabomu ina sehemu tatu: kufika mahali alipoagizwa, kufika saa aliyoagizwa, na kuachia mabomu. Mechi inamfanyisha mazoezi ya zile mbili za mwanzo. Na shabaha ya siku hiyo ni uwanja wenye watu elfu sitini au sabini, wameshika vifua vyao, watoto wamewabeba mabegani. Sisemi mna nia mbaya nao. Nasema wao hawajaambiwa kwamba wamekaa mahali pa shabaha. Wameambiwa wanapewa heshima.

Chukueni siku ambayo ninyi wenyewe mnajivunia. Tarehe 7 Februari 2021, Tampa, Florida, Super Bowl ya 55, yaani fainali ya mpira huu wa Kimarekani. Ndege tatu za mabomu zilipaa kutoka kambi tatu, B-1 kutoka South Dakota, B-52 kutoka North Dakota, B-2 kutoka Missouri, zikakutana angani na kupita pamoja juu ya uwanja wakati Jazmine Sullivan na Eric Church wanamaliza wimbo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa aina zote tatu kupita pamoja kwenye Super Bowl. Kwa ajili ya korona uwanja uliingiza watu wapatao 25,000 tu, na kati yao 7,500 walikuwa wahudumu wa afya waliokwisha kuchanjwa, waliokaribishwa bure kama shukrani. (Timu ya Kansas City ilifungwa 31 kwa 9, lakini hilo si la kuwalaumu ninyi.) Watu waliokuwa wamemaliza mwaka mzima wakipigania pumzi za wagonjwa, zawadi yao ikawa ndege tatu za mabomu. Ningependa kujua nani alikaa kwenye meza gani akaona vitu hivyo viwili vinaendana.

Maana ndege hizo si pambo. B-52 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962, na bado zinaruka. Desemba 1972 ndizo zilizoipiga Hanoi kwa siku 11. Laos, kati ya mwaka 1964 na 1973, iliangushiwa na ndege za Marekani zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, na mengine hayakulipuka mpaka leo. Wakulima wanayagonga kwa majembe. Watu wa Laos na wajukuu wao ni majirani zetu katika miji hii hii. Mmoja ananiuzia mchele.

B-2 nayo, yule popo, ina historia ambayo sikuijua siku ya kuku wa Mama, na nilipoijua sikulala vizuri. Ilianza kwenda vitani mwaka 1999, mwaka wetu ule. Ilikuwa inapaa kutoka Missouri, inavuka bahari, inapiga Yugoslavia, inarudi Missouri bila kutua popote. Safari ya zaidi ya saa 30, marubani wawili, kisha kila mmoja anakwenda kwake kulala. Tarehe 7 Mei 1999, siku chache kabla ya mabomu ya Uvira, B-2 iliupiga ubalozi wa China mjini Belgrade. Waandishi wa habari watatu waliuawa. Marekani ilieleza kwamba jengo lilikosewa kwa sababu ya ramani mbaya, na Rais Clinton akaomba radhi. China haikuyakubali maelezo hayo. Mimi si wa kuamua kati yao. Ninachokiona ni kwamba rubani alifika mahali alipoagizwa, saa aliyoagizwa. Mazoezi yake yalikuwa yamekamilika.

Na kama mtu atasema hayo ni ya zamani, basi Juni 2025 B-2 saba zilikwenda Iran zikaangusha mabomu 14, kila moja likiwa na uzito wa kilo 13,600 hivi, kwenye vituo vya nyuklia vya Fordow na Natanz. Tarehe 4 Julai mwaka uleule B-2 ikapitishwa juu ya Ikulu ya Marekani, kukiwa na wageni chini. Siku ile, angalau, kila aliyeinua kichwa alijua anatazama nini na imetoka kufanya nini. Nitarudi kwenye hilo.

Nimeambiwa na ndugu yangu mwenyewe, yule anayejua sheria za mchezo, kwamba natafuta aibu. Anasema nchi imetupokea, na kila nchi ina ndege zake. Ni kweli. Tanzania, siku ya Uhuru, ndege za JWTZ hupita angani, na nimeziona nikiwa mtoto kwenye televisheni ya jirani, nikafurahi. Lakini pale chini kuna gwaride. Kuna Amiri Jeshi Mkuu, kuna bendi, kuna mizinga. Hakuna aliyekwenda kutazama Simba na Yanga akapitishiwa ndege za kivita kichwani kabla ya filimbi. Jeshi lina siku yake na linaonekana ni jeshi. Sasa huku siku ya jeshi imekuwa kila Jumapili.

Tena mmekwisha kujifunza jambo hili mara mbili, kwa watu wenu wenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa New York, tarehe 27 Aprili 2009. Ndege kubwa ya rais, rais mwenyewe akiwa hayumo, ilipitishwa chinichini karibu na kusini mwa Manhattan, ikifuatwa na ndege ya kivita F-16, ili ipigwe picha pamoja na Sanamu ya Uhuru. Baadhi ya maofisa wa mji walikuwa na taarifa, ila waliagizwa wasiitangaze. Watu wakamiminika kutoka maofisini, wakakimbia kwenye ngazi, wengine wakilia. Ilikuwa miaka minane kasoro tangu Septemba 2001. Hakuna aliyewaambia watu wa New York kwamba wanatia aibu. Rais Obama alisema lilikuwa kosa na halitarudiwa, na mkuu wa ofisi ya kijeshi ya Ikulu, Louis Caldera, akajiuzulu. Picha zenyewe ziligharimu zaidi ya dola 300,000. Nchi nzima ilielewa bila kufundishwa na mtu: mtu ambaye ndugu yake aliuawa na ndege, huwezi kumrushia ndege kichwani halafu ukamwambia ni picha tu.

Mara ya pili waliokimbia walikuwa watu wa Bunge. Aprili 2022, Washington, wanajeshi wa kuruka kwa miamvuli walikuwa wanakwenda kutua kwenye uwanja wa besiboli wa Nationals, kwa maonyesho. Ndege yao ilikuwa ndogo, ya kubebea hao warukaji, wala haina bomu. Lakini polisi wa Bunge hawakuwa wameambiwa. Wakaona ndege isiyojulikana inazunguka, wakatangaza watu watoke, na jengo la Bunge la Marekani likahamwa jioni ile. Spika Nancy Pelosi alikasirika hadharani akasema haiwezekani mamlaka ya anga kutowaarifu. Alikuwa na haki. Ila Mama naye hakuarifiwa, na ile yake ilikuwa ya mabomu kweli.

Kuhusu fedha sitasema mengi, wengine wamesema. Mwaka 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti kuonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa imelipa timu za michezo mamilioni ya dola, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye zile shughuli za kuwaenzi wanajeshi uwanjani ambazo watazamaji walidhani zinatoka moyoni mwa timu. Mwaka uliofuata NFL, ligi ya mpira huu wa Kimarekani, ilirudisha dola 723,734. Mtu harudishi fedha ambazo zilikuwa halali yake. Na Super Bowl ya mwaka 2011 huko Arlington, Texas, ndege nne za Jeshi la Majini zilipita juu ya uwanja ambao paa lake lilikuwa limefungwa. Waliokuwa ndani waliziona kwenye skrini. Hapo sijui hata niulize nini.

Turudi kwa Mama, maana yeye ndiye ana dawa.

Mji wetu uko katika nchi ya vimbunga. Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, ving'ora vya tahadhari hujaribiwa mji mzima. Mwezi wetu wa kwanza hapa, vilipolia, Mama alitushika mikono wote akatuingiza bafuni. Jirani mmoja, mama wa Burundi, akaja kugonga mlango akamweleza: ni majaribio, kila Jumatano ya kwanza, saa hiyohiyo. Basi. Tangu siku hiyo king'ora kikilia Mama anaangalia kalenda ya ukutani na kuendelea kukatakata vitunguu. Kelele ni ileile. Amepewa habari tu.

Kwa nini kimbunga kina kalenda na ndege ya mabomu haina? Msiniambie ni siri ya jeshi. Ratiba ya mechi inachapishwa miezi kabla, na maombi ya ndege hujazwa kwenye fomu mapema. Wapiga picha wa ndege wanajua wasimame wapi. Wenye uwanja wanajua, mwimbaji anajua, wauza bia wanajua. Wasiojua ni watu wa mitaa ya jirani, ambao ndege haina budi kupita juu yao ili ifike kwenu. Tangazeni siku tatu kabla, redioni, kwenye ujumbe wa simu wa jiji, kwenye barua za shule, na mtangaze kwa lugha zinazosemwa katika mji husika. Shule za hapa hututumia barua za chawa kwa Kiswahili safi kabisa. Hamtashindwa. Na hamtakuwa mmemsaidia Mama peke yake. Kuna nyumba mtaani kwetu ambazo mwezi wa saba huweka kibao nje: hapa anaishi askari aliyetoka vitani, tafadhali angalieni fataki zenu. Huyo mwenye kibao ni wenu.

Hilo ni la watu wa nje. La ndani ya uwanja ni fupi zaidi, na ninajua ndilo mtakalolikataa.

Mtangazaji huitaja ndege kwa jina, kikosi na kambi inakotoka, kisha watu wanapiga makofi. Mwongezeeni sentensi chache. Aseme: "Hii ni B-2. Mabawa yake yana urefu wa mita 52, kupita upana wa uwanja huu. Imetengenezwa kubeba mabomu, pamoja na ya nyuklia. Imewahi kupiga Yugoslavia, Afghanistan, Iraki, Libya, Yemen na Iran." Yote ni kweli, na yote mmeyaandika wenyewe kwa fahari mahali pengine. Aseme hivyo, kisha tuone makofi yanakuwaje. Huenda yakawa makubwa zaidi. Sina hakika nao, wala si juu yangu kuwapangia watu la kushangilia. Lakini atakuwa ameshangilia mtu anayejua. Na kama mnaona maneno hayo hayafai kusemwa mbele ya watoto dakika tano kabla ya mechi, basi na ndege yenyewe haifai. Ibaki kambini. Leteni helikopta za uokoaji, zile zinazoshuka kwenye mapaa ya nyumba wakati wa mafuriko kuopoa watu. Hiyo hata Mama atasimama aitazame.

Siku ile bustanini nilimweleza yule mzungu wa soseji, kwa maneno machache, kwa nini jiko letu linafuka mvuke. Hakujibu kitu. Alikwenda kwenye gari lake akarudi na nusu mfuko wa mkaa, akauweka mezani, akaanza kuwasha yeye mwenyewe kwa sababu mikono ya Mama ilikuwa bado inatetemeka. Tulikula saa kumi jioni. Sombe ilikuwa imepoa.

Msimu umeanza tena. Mama anapenda ile bustani, na hajaacha kwenda. Ila kila Jumamosi jioni, kabla hajanituma mkaa, ananiuliza: "Kesho kuna ndege?" Mimi ndiye msomi wa nyumba, nina intaneti na nina Kiingereza. Natafuta, sipati. Namwambia sijui, Mama. Naye ananiambia basi ninunue na ndoo ya pili.

Wenu,
Mkazi wa mji wenye uwanja, mtoto wa Uvira